Diski ya Nyumba Mbili

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini aliniazima laptopu yake nimalizie kazi, na ilipopata moto kidogo ikaanza kutoa harufu ya udi. Si manukato ya mtu. Ni ule udi wa kufukizia nyumba, unaoingia kwenye mapazia na mito, na ukishaizoea nyumba huingia hata kwenye plastiki. Mwingine angesema harufu nzuri. Mimi niliifunga laptopu ya watu, nikatoka nje kwenda kununua maji na kiu sina. Nina kijicho, sitaki kujipamba, na kijicho changu kilianza zamani, nikiwa mtoto wa skuli, kwa sababu ya kompyuta ndogo iliyokuwa ikija nyumbani kwetu inanukia nyumba ya watu wengine.

Tulikuwa tunakaa Vitongoji, mimi na mama yangu, Bi Raya. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, Mwalimu Kombo, na alikuwa na wake wawili. Mama ndiye mkubwa. Wa pili, Bi Zuwena, alikuwa na nyumba Chake Chake mjini, nyumba yenye umeme na feni ya juu, na binti yake Nasra tulipishana miezi tu. Nilitangulia mimi kuzaliwa, na hilo nililitaja kila nilipopata upenyo, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Baba alikwenda kwa zamu, siku mbili kwetu na siku mbili kwa kina Nasra, na hapakuwa na mvua wala homa ya kuigeuza zamu hiyo. Alikuwa ameshika yale tuliyofundishwa chuo cha Kurani, kwamba mwanamume anayemwelemea mke mmoja atafufuliwa upande wake mmoja umeinama, na nadhani hakuna kitu alichokiogopa duniani kama kusimama mbele ya watu siku hiyo akiwa amepinda. Akinunua samaki alinunua mitungo miwili na kuiinua mikono yote miwili kama mizani. Akinunua kanga za Idd alinunua doti mbili za aina moja, rangi moja, jina moja. Hakufikiria kamwe kwamba wake wenza wawili hawana hamu ya kukutana sokoni wamevaa sare. Mama aliziweka za kwake kwenye sanduku na kusema anasubiri za mwenzake zichakae kwanza.

Basi ami yangu, ndugu yake Baba, aliyekuwa Maskati akatuma boksi. Ndani mlikuwa na nguo za mitumba ya ndugu, sabuni za kunukia, na chini kabisa, imeviringishwa taulo, kompyuta ndogo ya kukunja, vitufe vyake vina herufi za Kiarabu ubavuni mwa zile za kawaida. Wa rika langu mnazikumbuka kompyuta zile, ndogo kama msahafu mkubwa, zilivyotoka zikaonekana maajabu kisha zikapotea. Kompyuta ilikuwa moja na nyumba ni mbili. Baba alifikiri kwa muda usiozidi kunywa kikombe cha chai, akaamua kwamba kompyuta nayo itakwenda zamu. Ikawa inasafiri naye kwenye vespa, ndani ya mkoba wake wa daftari za wanafunzi, ikitoka mjini kuja kwetu na ikitoka kwetu kurudi mjini.

Kwa hiyo kila ilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinusa. Nilikuwa nikiinua kifuniko na udi wa Bi Zuwena unanipiga usoni. Kanzu ya Baba nayo ilinukia hivyo hivyo siku ya kwanza ya zamu yetu, lakini kanzu Mama aliifua na ikanyamaza. Kompyuta haifuliki. Halafu kwetu umeme ulikuwa haujavutwa bado, hivyo ilichajiwa duka la karibu na msikiti, foleni na simu za watu. Kwa Nasra ilichomekwa ukutani tu kama friji. Mara nyingi ilifika kwetu chaji imeshalika, na nilikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba Nasra anaimaliza makusudi.

Shida ya kompyuta ile ilikuwa pumzi. Windows iliyokuja nayo ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Ukiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukaikuta bado inajinyoosha. Baba akaipeleka kwa Fundi Faki, mtengenezaji wa simu pale Chake, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi nami nilikuwepo, nimepakiwa nyuma ya vespa.

"Hii nakutilia Windows nyengine, Mwalimu," Fundi akasema. "Ninayo hapa, nyepesi, watu wote natilia hiyo."

"Ina mwenyewe?" Baba akauliza.

"Mwenyewe yupo, lakini yuko mbali huko. Hakujui wala hakuoni."

"Ana haki yake?"

Fundi akacheka kidogo. "Haki yake iko, Mwalimu, lakini ukitaka kuilipa hiyo haki, bora ununue kompyuta nyengine."

"Basi ni mali ya mtu. Siitaki."

Fundi akajikuna shingo, kisha akatueleza kwamba ipo mifumo mingine ya kuendeshea kompyuta, mingi tu, iliyotengenezwa na watu wakaitoa bure, atakaye achukue, amgawie na mwenzake.

"Yaani wameifanya wakfu?" Baba akauliza, na uso wake ukanawiri.

"Wakfu, ndiyo. Ukipenda kuiita hivyo."

Hapo Baba akawa mtu mwingine. Kitu cha wakfu, hakina wizi ndani yake, na kinaingia kwenye kompyuta dhaifu! Tukaingia kwenye msimu wa kuonja mifumo. Fundi alikuwa anautia mfumo kwenye flashi, unaichomeka, unawasha, na mfumo unaishi humo humo kwenye flashi bila kugusa diski. Ukikupendeza unauweka, usipokupendeza unazima, na umetoweka kama hukuwahi kuuona. Flashi yetu ilikuwa moja, ndogo, isiyobeba mifumo miwili. Ukija mpya, wa zamani unafutwa.

Ule ulikuwa wakati mzuri wa maisha yangu, na Nasra aliuharibu kwa kuwepo tu. Jioni za zamu yetu, baada ya sala ya alasiri, Baba alikuwa anatandika mkeka ukumbini, nami namwegemea begani, tunaangalia kitakachoamka. Mmoja ulitoa maandishi meupe juu ya weusi, ukasimama, ukitungoja tuuambie kitu, na sisi hatukuwa na la kuuambia. Mwingine ulifunguka wenye kupendeza lakini haukutoa sauti hata chembe. Mwingine uliandika kila kitu kwa lugha ambayo Baba alisema huenda ni ya Kichina, na tukautumia hivyo hivyo kwa kubahatisha mpaka chaji ikakata, tukicheka. Baba alikuwa hacheki sana. Pale mkekani alicheka.

Lakini mifumo ilitoka mjini, kwenye kafe ya intaneti, na kupakua mmoja kulichukua saa na saa na mara katikati mtandao unakatika. Aliyekuwa anakwenda na Baba huko kafe, anakaa naye kwenye kiti cha plastiki anasubiri, alikuwa Nasra. Yeye ndiye aliyeona picha za mifumo yote na kuchagua ipi ije. Mimi nilipokea kilichokwisha kuchaguliwa. Tena ilitokea zaidi ya mara moja kwamba nimeupenda mfumo, nimeshaujua milango yake, zamu inapita, kompyuta inarudi, nachomeka flashi na haupo. Umefutwa, umewekwa mwingine. "Nasra alitaka tuujaribu huu," Baba anasema, na wala haoni kwamba amesema kitu.

Mwisho kila mmoja akachagua wake. Nasra alichagua mfumo mdogo kuliko yote, wa mraba mraba, usio na urembo, unaoamka kufumba na kufumbua, na alama yake ni mbwa. Si mbwa wa picha tu, ukishaamka, unabweka. Mimi nilichagua mzuri. Ulikuwa na rangi ya zambarau na machungwa, madirisha yake yanafunguka taratibu, na ulikuja na programu za kuchora, za kuandikia, za hesabu, zote ndani. Ulikuwa mzito kidogo. Sikujali. Nilitaka kitu ambacho Nasra akikiona amelemewa.

Hapo Baba akafanya jambo ambalo nadhani hakuna fundi duniani angelifanya ila yeye. Diski nzima ilikuwa giga kumi na sita, leo hata simu ya mtoto imezidi. Mtu mwenye akili zake angeweka mfumo mmoja na kuwaambia watoto wavumiliane. Baba alisema itagawanywa, nyumba hii nusu yake na nyumba ile nusu yake, kila mmoja na mfumo wake ndani ya mipaka yake, na asivuke mtu. Akalitangaza hilo kwa Mama, akaenda akalitangaza kwa Bi Zuwena, kwa maneno yale yale.

Mama hakuwa na haja na kompyuta, lakini habari ya mbwa ilimpa furaha ya wiki nzima. "Kwa mke mwenzangu kompyuta yabweka!" aliwaambia majirani kisimani. "Siye hatuna mbwa, wao wanafuga ndani." Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa Shumba, aliposikia aliuliza kwa dhati kabisa kama kompyuta hiyo inafaa kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Baba akamjibu kwamba mbwa asiye na mate hana najisi. Bibi hakuridhika, na tangu siku hiyo hakuigusa ila kwa ncha ya kanga.

Siku kompyuta iliporudi kutoka kwa Fundi imegawanywa, niliwasha nikaona orodha ya majina mawili: mfumo wangu juu, wa Nasra chini. Usipobonyeza kitu, ulikuwa unaanza wa juu wenyewe. Niliitazama orodha ile mpaka Baba akaniuliza kama imekwama. Mtu mkubwa atasema ni mpangilio tu wa mashine, uliowekwa mwisho ndio unaojiandika juu. Mimi nilijua ni kwa sababu mama yangu ndiye mke mkubwa na mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, na mashine imelijua hilo.

Furaha hiyo haikukaa. Mfumo wangu ulianza kunitolea onyo jekundu kwamba nafasi inakwisha. Nikafuta michoro yangu, likarudi. Nikafuta mchezo wa hesabu, likarudi. Siku moja Baba amelala usingizi wa mchana, na kijicho kinanikuna, nikachagua jina la chini. Kompyuta ikabweka, nikaifunika kwa kanga haraka. Nikaingia kwa Nasra nione anaishi vipi. Palikuwa pakavu, hapana rangi, lakini nilipobonyeza alama ya diski likatokea duara la kuonyesha nafasi. Lilikuwa jeupe karibu lote. Kipande alichokuwa amekitumia kilikuwa chembamba kama kucha. Nikatoka, nikaingia kwangu, nikafungua duara langu. Lote limejaa rangi, cheupe ni kijistari tu.

Mnaona wenyewe mtoto alivyosoma hapo. Sikujua kwamba mfumo wake ulikuwa haukamati nafasi na wangu umekamata yote. Niliona duara jeupe na duara lililojaa, nikasema peke yangu: amempa uwanja, mimi amenipa kijichochoro. Kumbe zile nane kwa nane ni maneno. Kumbe samaki anaowainua mikono miwili ni wa kutuonyesha sisi. Nikalia nimejifungia chooni ili asisikie.

Nilimwambia Mama. Aliacha kuchambua mchele, akaniambia nirudie. Nikarudia, na kwa mikono nikamchorea maduara yote mawili. Wala hakushtuka. Alikuwa na sura ya mtu aliyepata kitu alichokipoteza miaka mingi.

Jioni alimwuliza Baba akiwa anakula. "Mwalimu, ile kompyuta ya watoto wameridhika nayo?"

"Kila mmoja kapata kinachomtosha," Baba akajibu, akiangalia sahani.

Alipotoka, Mama akanigeukia. "Umesikia? Hakusema sawa. Baba yako kila kitu husema sawa. Leo kasema kinachomtosha." Akanyamaza na jambo lake. Alikuwa anangoja pa kulisemea.

Akalisemea Idd pili. Siku hiyo nyumba zote mbili zilikuwa zinakwenda Shumba kwa Bibi, kumpa mkono, na kwa mama mkwe hakuna mchezo: lazima uvae alichokununulia mumeo. Basi wakakaa ukumbini, Mama upande huu na Bi Zuwena upande ule, doti moja, rangi moja, kama wauguzi. Sisi watoto tulikuwa katikati, na Nasra alikuja na kompyuta kwa kuwa ilikuwa zamu yao. Alivaa gauni la kijani na nywele amesukwa mjini. Nilimwangalia kila kitu mpaka kucha.

Baada ya biriani, Mama akajifuta mikono. "Mama," akamwambia Bibi, "leo tuko mbele yako. Nataka mwanao aniambie, ile kompyuta kaigawa vipi."

"Bi Raya, leo sikukuu," Baba akasema.

"Sikukuu ndo siku yenyewe. Mwanangu hana pa kuweka hata mchoro, wa mwenzangu ana uwanja wa mpira. Kama umegawa kwa haki, sema umegawa sawa. Neno moja tu, na mimi nnanyamaza."

Baba alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Bi Zuwena alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa unaniudhi kuliko ukali. Akasema, "Dada, siye twaambiwa nane kwa nane, basi. Hatuna uwanja. Nasra, mwanangu, ifungue waone. Watu waridhike, tule halua."

"Haina haja," Baba akasema upesi.

"Haja iko," Bibi akasema. "Mimi nimeshachoka na hilo dude lenu. Fungua, mtoto, tumalize."

Nasra akafungua. Ikabweka, Bibi akavuta miguu yake. Nasra alikuwa anaijua kompyuta kuliko mimi, na hilo nalo lilikuwa linanila. Hakufungua duara. Alifungua kitu ambacho sikuwahi kukiona, kinachoionyesha diski yote kama mti mmoja mrefu uliolazwa, umekatwa vipande kwa rangi. Akaigeuza kompyuta ili kila mtu aone, amejiamini, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni na jawabu analo.

"Hichi cha manjano changu," akasema. "Cha kijani cha mwenzangu."

Bibi hajui kusoma, lakini macho anayo. Akainama, akaashiria kwa ncha ya kanga. "Mbona hicho kijani ndo kirefu?"

Nasra akaigeuza kompyuta kwake tena. Akasogeza uso. "Sita," akasoma. Kidole kikahamia cha kijani. "Kumi." Kisha akazisoma tena zote mbili polepole, sita na kumi, kama vile kosa ni la macho yake na litajirekebisha.

Nilielewa baada ya wote. Hesabu nilikuwa naijua, baba yangu mwalimu wa hesabu, lakini nilikaa naziangalia namba zile zisiingie. Kumi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyependelewa, tangu mwanzo, na nililia chooni bure.

Baba akaweka kikombe chini. Alivua kofia yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mbele ya watu, akaishika magotini. "Ule mfumo wa mwenzio ulikataa kuingia kwenye nane," akamwambia Nasra, si Bi Zuwena. "Fundi kaniuliza tufanye vipi. Na mimi nikamkumbuka huyu mtoto vile alivyoutaka. Nikasema wako mdogo, hutajua."

Sasa hivi nikiandika nasikia aibu ya baba yangu ukumbini kwa mama yake. Lakini siku ile sikuisikia. Nilikuwa nataka kusimama niwaulize wote kama wamesikia. Nilimwangalia Nasra, nione kama yeye amesikia, na alikuwa amesikia vizuri sana.

"Ungesema tu, Mwalimu," Bi Zuwena akasema. "Tungezitoa hizo mbili wenyewe." Akaanza kukusanya sahani, ingawa si nyumba yake na halua bado haijaliwa.

Mama alikuwa ameshinda kesi ambayo si yake. Akavuta kanga mdomoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sijathubutu kumwuliza.

Baba akasema, "Nasra, ichukue. Ni yako peke yako, diski yote. Nitamwambia Fundi afute."

Nasra akafunga kifuniko. Akaisukuma kompyuta juu ya mkeka, polepole, mpaka ikagusa goti langu. "Mpe yeye, Baba," akasema. "Mimi nshajua."

Na mimi nikaichukua. Mngetaka niwaambie kwamba nilikataa, lakini niliichukua na nikaikumbatia njia nzima ya kurudi. Fundi Faki akaondoa mpaka, akanipa zote kumi na sita. Duara langu likapata weupe unaozidi theluthi. Haikubweka tena, haikwenda tena mjini, na baada ya muda udi wote ukaisha, ikanukia moshi wa jiko letu. Nilichora nilichotaka. Onyo jekundu halikurudi.

Ila Baba hakukaa tena mkekani kama zamani. Alikaa, ndiyo, hakuacha hata zamu moja, lakini alikuwa anatazama saa ya mkononi anapokaa na anatazama tena anapoinuka. Nilijua anapima, ili akifika mjini akae na Nasra kadiri ile ile, huko ambako hawana tena kompyuta ya kuangalia. Nikimwonyesha mchoro anasema mzuri, kisha ananiuliza kama ninao mwingine ampelekee mwenzangu. Nikimwegemea begani ananiachia kidogo, halafu anajiweka sawa. Vitu alivyoninunulia tangu siku ile vilikuwa viwili viwili, na hakuna hata kimoja changu kilichozidi cha Nasra kwa unyoya.

Sasa Baba ni mzee, anatembea na mkongojo. Mimi ninakaa Unguja, na Nasra anakaa Unguja, nyumba zetu haziko mbali, na tunasalimiana. Baba akivuka kuja kututembelea anakaa kwa Nasra siku tatu kisha kwangu siku tatu. Mara ya mwisho, asubuhi ya kuondoka, nilimpikia mikate ya kumimina anayoipenda, nikamvalisha viatu mwenyewe, nikamwomba abaki mpaka kesho, iwe siku ya nne. Siku moja tu, nikamwambia, hakuna atakayejua.

Aliniangalia kwa huruma, akanishika kichwa kama nilivyokuwa mdogo. "Ningekaa, mwanangu," akasema. "Lakini Nasra hakuniomba."